Usambara kwa Baiskeli na Hema: Namna ya Kupanga Safari ya Gharama Nafuu

Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, humwezesha mtalii wa ndani kuendesha baiskeli na kupiga kambi kwa gharama ndogo, mradi apange mapema. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hugeuza njia za udongo kuwa utelezi. Juni hadi Septemba njia hukauka, ingawa baridi ya usiku hudai blanketi zito.

Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto, takriban kilomita 33 kupitia Soni, hupanda karibu mita 1,000. Ni nafuu, na ni busara, baiskeli ipakiwe kwenye basi wakati wa kwenda, mteremko ukaachwa kwa siku ya kurudi. Hapo ndipo pasipofaa kubana matumizi: raba za breki zilizolika zibadilishwe kabla ya safari. Kwenye kona, breki zishikwe kwa vipindi, kwani kuzing'ang'ania mfululizo huzipasha moto na kuzidhoofisha.

Chakula kisibebwe kutoka mbali. Viazi, karoti na matunda hupatikana katika masoko ya Lushoto na Soni, na fedha hubaki kwa wakulima.

Hema halisimikwi popote. Kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), huhitaji kibali na ada; nje ya hifadhi, ridhaa iombwe kwa uongozi wa kijiji au mwenye shamba. Jiko dogo la gesi litumike badala ya kuni, hasa miezi hiyo ya ukavu.