Ubingwa wa Nusu Digrii

Wenye bustani kubwa za burudani duniani hawajengi rola kosta ili watu wafurahi tu. Hujenga ili kumvua jirani taji, na mataji yenyewe ni mengi: la kimo, la mwendo, la urefu wa reli, la kupinduliwa kichwa chini. Ukikosa hili, lipo lile.

Chukua taji la mteremko mkali. Mwaka 2011 bustani ya Fuji-Q Highland, Japani, ilifungua Takabisha, yenye mteremko wa digrii 121. Ukuta uliosimama wima ni digrii 90. Hapa reli inazidi wima na kurudi ndani, chini ya kilele chake yenyewe. Mwaka 2019 ikaja TMNT Shellraiser, ndani ya jengo la maduka la American Dream huko New Jersey, Marekani: digrii 121.5. Nusu digrii! Hakuna tumbo la binadamu linaloihisi tofauti hiyo, ila bango la matangazo linaihisi vizuri sana.

New Jersey hiyohiyo ndiko ilikosimama Kingda Ka, iliyofunguliwa mwaka 2005 ikiwa na kimo cha mita 139, karibu sawa na Piramidi Kuu ya Giza ilivyo leo. Mtambo wa haidroli uliifyatua treni mpaka kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5, ikapanda wima, ikavuka kilele, ikashuka, basi. Safari nzima haikumaliza dakika. Lakini mashabiki wa kweli walikuwa wakiomba kitu kingine: treni ishindwe. Kuna nyakati ilikosa nguvu kidogo, ikafika karibu na kilele, ikasita, kisha ikaporomoka kinyumenyume kurudi ilikotoka, na breki za sumaku zikaidaka chini. Halafu ikafyatuliwa upya. Aliyebahatika hivyo alipata safari mbili kwa foleni moja, na akarudi nyumbani ana la kusimulia. Kingda Ka ilifungwa mwaka 2024, na tarehe 28 Februari 2025 ikaangushwa kwa baruti. Hakuna aliyekuwa ameivua taji la kimo. Iliondolewa ikiwa bado bingwa.

Taji la mwendo lilihamia Ghuba zamani. Formula Rossa ya Abu Dhabi, tangu mwaka 2010, inafika kilomita 240 kwa saa, na abiria huvalishwa miwani ya kukinga macho, kwa maana chembe ya mchanga au mdudu kwa kasi hiyo si jambo la mzaha. Saudi Arabia nayo haikutaka kupitwa: Falcon's Flight, huko Qiddiya karibu na Riyadh, ilibuniwa kufika kilomita 250 kwa saa juu ya reli inayozidi kilomita 4. Kwa urefu wa reli, Steel Dragon 2000 ya Japani iliringa miaka mingi kwa mita zake 2,479.

Kwa kupinduliwa, The Smiler ya Alton Towers, Uingereza, inaongoza tangu 2013: mara 14. Anayetaka ya kumi na tano, aende akapimwe kwanza.

Taji ninalolihusudu mimi ni la uzee, maana hilo huwezi kulinunua. Leap-the-Dips, ya mbao, ilijengwa Altoona, Pennsylvania, mwaka 1902. Ina kimo cha mita 12 na ushee, na mwendo wake ni kama wa daladala iliyokwama foleni. Usiidharau, lakini: haina magurudumu ya chini ya kulishikilia behewa lisiruke relini. Linalolibakisha ni uzito wake tu.

Na Melbourne, Australia, kuna Scenic Railway ya mwaka 1912, inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote zilizoendelea kufanya kazi bila kusita. Mshika breki husimama katikati ya mabehewa, mkono kwenye wenzo, na yeye ndiye anayeamua treni iachiwe kiasi gani mteremkoni. Kompyuta haimo. Copenhagen wanayo ya aina hiyo, Rutschebanen ya Tivoli, na mshika breki wake pia yumo. Ila ilifunguliwa 1914, ikakosa taji kwa miaka miwili.