Dakika tatu za daktari

 

Ndugu msomaji, wiki chache kabla ya Ramadhani alinijia mama mmoja akiwa na mumewe. Swali lake lilikuwa la kifiqhi: vipi atafunga ilhali ameandikiwa kidonge cha kila asubuhi? Kabla sijamjibu, machozi yakamtoka. "Shekhe," alisema, "mimi hata hicho kidonge nataka kukiacha. Nimechoka."

Tezi yake ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, haitoi homoni ya kutosha. Homoni hiyo ndiyo inayouongoza mwili katika kutumia nguvu zake. Inapopungua, mtu huona baridi wenzake wakiona joto, huongezeka uzito, hukauka ngozi, husahau, na huamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Tiba yake ni levothairoksini, ambayo ni homoni ile ile katika kidonge, na wengi huimeza maisha yao yote.

Kwa miaka miwili mama huyu amekuwa akihudhuria kliniki. Hutoka nyumbani alfajiri, hukaa katika benchi hadi adhuhuri, kisha huonana na daktari kwa dakika tatu. Daktari huitazama karatasi ya kipimo, uso wa mgonjwa hautazami. Kipimo hakikai sawa, basi huongezewa dawa: mikrogramu 50, kisha 75, kisha 100, kisha 125. Safari inayofuata humkuta daktari mwingine, na maelezo huanza upya. Mwishowe jirani akamshauri aache vidonge, anywe mizizi.

Ili nimjibu kuhusu saumu, nilimuuliza: "Hicho kidonge unakimezaje, mama?" Akasema hukimeza kwa chai ya maziwa, pamoja na kidonge cha madini ya chuma alichopewa kwa upungufu wa damu. Mimi si tabibu. Nilimsihi asiache dawa, arudi kwa daktari na amweleze maneno yale yale.

Alirudi, na safari hii akasikilizwa. Akafahamishwa kwamba madini ya chuma, na pia ya kalsiamu, huizuia dawa hii isiingie mwilini, hivyo yatenganishwe nayo kwa saa 4. Dawa yenyewe humezwa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Kumbe dawa haikuwa chache, ilikuwa haifiki! Na kwa kuwa sasa itafika, mikrogramu 125 zingeweza kumzidi na kumwendesha moyo mbio, ikabidi apimwe tena. Kipimo kilichofuata kilionyesha hivyo, na dawa ikapunguzwa.

Ndugu zangu, miaka miwili ilipotea kwa kukosekana swali moja. Elimu ya tiba ni amana, na mgonjwa ni sehemu ya amana hiyo. Tunajua foleni ni ndefu na madaktari ni wachache. Lakini kuuliza "unaimezaje?" na "unajisikiaje?" hakuzidi dakika moja. Hata kipimo kinapokuwa sawa, mgonjwa anayesema hana nafuu si mkaidi. Uchovu una milango mingi: upungufu wa damu, kisukari, usingizi mbovu, sonona. Asiambiwe tu "uko sawa, nenda".

Nasi wagonjwa tuna wajibu wetu. Mtume (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba, na kuitafuta ni pamoja na kusema ukweli wote. Andika katika karatasi dalili zako, dawa zako zote, mizizi ikiwemo, na saa unazozimeza. Usichoke kurudi kupimwa. Dawa inapobadilishwa, damu huhitaji wiki 6 hadi 8 kuonyesha athari yake. Hali ikitulia, kipimo cha mara moja au mbili kwa mwaka hutosha kwa wengi. Mwanamke akishika mimba aseme mapema, kwani mahitaji ya homoni huongezeka. Na yule ambaye tezi yake inazidisha homoni, naye anatumia karbimazoli, akipata homa na koo kuuma asingoje tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo akapimwe damu.

Ama swali la saumu, jibu lake lilikuwa jepesi. Kidonge hiki humezwa mara moja kwa siku, na usiku wa Ramadhani una nafasi: ama nusu saa hadi saa moja kabla ya daku, ama wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya kula. Achague saa moja kwa ushauri wa daktari wake, adumu nayo.

Mama yule alifunga, na kidonge hakukiacha. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape matabibu wetu subira ya kusikiliza. Amin.