Umeme Uliolala Ndani ya Sufuria

Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, sumaku hutangulia mizani. Ikinata, ni chuma, bei ya chini. Isiponata, tupa hupitishwa mara moja juu ya kipande: pakionekana wekundu ni shaba, pakiwa peupe, na kitu chenyewe chepesi mkononi, ni alumini.

Hesabu ya alumini ndiyo ya kushangaza zaidi. Ardhini imeshikana na oksijeni ndani ya udongo uitwao boksiti. Hutakiwa tani 4 hadi 5 za boksiti kupata tani moja ya alumini, na kuibandua oksijeni kwa njia iliyovumbuliwa mwaka 1886 hula takriban uniti 14,000 za umeme kwa tani hiyo moja. Lakini kazi hiyo hufanywa mara moja tu. Sufuria lililotoboka limekwisha kuachana na oksijeni, ukiacha utando mwembamba wa juu. Linadai joto la nyuzi 660 za Selisiasi liyeyuke, basi. Kwa hiyo kulisubu upya huokoa takriban asilimia 95 ya nishati.

Chuma nacho kina deni lake. Katika tanuri la mbale, makaa ya mawe hayaleti joto pekee, ndiyo pia yanayoing'oa oksijeni, na kila tani ya chuma huacha angani takriban tani 2 za kaboni dioksaidi. Chuma chakavu kikiyeyushwa kwa umeme, sehemu kubwa ya moshi huo haipo.

Faida ya mfukoni iko wazi: Kenya haichenjui alumini kutoka boksiti, na viwanda vyake vingi vya nondo hula vyuma chakavu. Kwa hiyo Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara hii baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, mwokotaji na mwizi walichapwa fimbo moja. Marufuku iliondolewa Mei, kwa masharti mapya. Naona hapo ndipo pa kuanzia, kwenye leseni na mizani, maana kikishapita tanurini, chuma cha wizi hakitambuliki.

Tanuri pia halisafishi kila kitu. Shaba ikiingia kwenye chuma haitoki kwa kuchomwa, na ikizidi, chuma hupasuka kikifinyangwa kwa moto. Risasi ni balaa zaidi: masufuria ya kusubu yaliyopimwa katika nchi kadhaa za Afrika yamekutwa nayo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Basi anayechambua kwa mkono anafanya kazi ambayo moto hauwezi, na malipo yake ni tofauti ya bei. Tazama waya: wengi huuchoma ili kuondoa plastiki, wakavuta moshi wenye sumu, na shaba ikatoka nyeusi, imeshika tena oksijeni. Aliyeuchuna kwa kisu huleta shaba inayong'aa, na kwa uzito uleule hulipwa zaidi.