Niko Kadi? Toa Ndula Kwanza

Mtaani ukitaja kansa ya ngozi, msee anakushow hiyo ni ya wazungu. Zii, buda. Cheki Bob Marley: 1977 kidole ya mguu ilikuwa inamsumbua, wakaona ni boli imemuumiza, kumbe ni melanoma, aina ya kansa ya ngozi, chini ya ukucha. Ilimmaliza 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36 tu. Na melanoma ikipata mtu mweusi, mara mingi hujificha hapo hapo: nyayo, kiganja, chini ya kucha, penye jua hata haifiki.

Sasa nani hufunza mayut hiyo kitu? Msee wa miaka 15 ukimpea karatasi ya hosi anaikunja, anaweka mfukoni, stori imeisha. Lakini kila base inajua kucheza kadi. Form ni tuunde kadi za ngozi. Badala ya maua na kopa, weka picha. Chunusi. Penye mbu imeuma. Doa. Kidonda kwa sikio ya msee mwenye ualbino, imekaa mawiki na haiponi. Na picha lazima ziwe za ngozi yetu, juu doa kwa mtu mweusi haikai venye iko kwa vitabu za majuu.

Kadi tamu ni zile zinakuja mbili mbili: ukucha moja, leo na miezi kadhaa baadaye. Laini nyembamba kwa kucha mob, hiyo hukuwanga kawaida kwetu, pitisha. Lakini ikiwa ni ukucha moja, laini inapanuka, weusi unamwagikia ngozi ya kando, ukipitisha unakula kadi mbili. Doa imepita milimita 6, haina shepu, iko na rangi tofauti ama inabadilika? Anayesema "daktari" wa kwanza ndiye anachukua hiyo raundi. Hivyo macho inazoea kutofautisha, si kuogopa kila kipele.

Maboy na madem wenye ualbino waunde hizo kadi na sisi toka mwanzo. Kwao jua ndio noma yenyewe. Kofia pana, shati ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua si luku, ni maisha.

Na sheria moja haibadilishwi: husemi "Niko kadi", yaani uko karibu kumaliza gemu, kama hujatoa ndula na soksi, ukacheki nyayo na katikati ya vidole. Ukipata kitu huelewi, gemu inasimama, mbogi inakupeleka hosi.