Mzizi wa Mukombero: Nguvu na Kipimo

Katika msitu wa Kakamega, magharibi ya Kenya, humea mmea ukweao miti ambao Waluhya huuita mukombero na wanabotania huuita Mondia whitei. Mzizi wake hutafunwa mbichi ili kuamsha hamu ya chakula, kutuliza tumbo na, zaidi ya yote, kuongeza nguvu za kiume.

Harufu ya mzizi huo yafanana na ya vanila, wala si ajabu. Kiini cha harufu hiyo kina fomula ileile ya vanilini, C8H8O3. Kinachotofautiana ni mpangilio wa atomi katika molekuli.

Je, sifa hizo zina ukweli, na mzizi ni salama? Watafiti wa Kameruni waliwanywesha panya dume maji ya gamba la mzizi, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Katika jaribio la siku 8, lililotangazwa mwaka 2004, homoni ya kiume, yaani testosteroni, iliongezeka. Katika jaribio la siku 55, lililotangazwa mwaka 2001, mirija ya korodani itengenezayo mbegu iliharibika na uwezo wa kuzalisha ukapungua; dawa ilipoachwa, hali ilirejea.

Panya si binadamu, na kipimo chake hakiwezi kuhamishiwa mtu. Hata hivyo, majaribio hayo yafundisha kwamba kinachofaa kwa siku chache huweza kudhuru kikizoewa. Aulizaye mzizi watibu nini, na aulize pia: kiasi gani, na kwa muda gani?