Gari lachemka mlimani pekee? Chunguza kifuniko cha rejeta kabla injini haijafunguliwa

HEBU jiweke kwenye picha hii. Umetoka Nakuru na marafiki watatu. Gari ni la kwanza maishani mwako, ulilinunua Mombasa kwa akiba ya miaka kadhaa. Mmepita Ziwa Elementaita mkipiga stori, sasa mnapanda kuelekea Kikopey ambako mbuzi anawasubiri kwenye makaa. Ghafla mshale wa joto unaanza kupanda. Kabla ya kufika mjini Gilgil, mvuke unafuka chini ya boneti.

Fundi wa kwanza anachungulia dakika mbili tu, anatingisha kichwa. “Mkubwa, hii ni gasketi ya hedi. Lazima tufungue injini.”

Hapo ndipo vijana wengi huliwa pesa. Si kwamba kila fundi ni tapeli, la. Gasketi huungua kweli. Lakini kufungua injini ni kazi ya maelfu mengi ya shilingi, na hufai kuilipia kwa kukisia. Uliza maswali kwanza.

Swali la kwanza: gari linachemka wakati gani? Likichemka kwenye foleni kisha likapoa ukishika kasi, shuku feni. Likitulia kwenye foleni lakini lichemke mlimani au ukikimbia sana, feni haina hatia. Hapo shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au maji kupungua. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, huenda themostati imekwama ikiwa imefungwa, au rejeta haina maji.

Lako halikuchemka Mombasa. Halikuchemka kwenye foleni za jiji la Nakuru. Linachemka kwenye mwinuko huu tu. Mbona?

Jibu moja liko kwenye hewa unayopumua. Mombasa iko kando ya bahari, na maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Gilgil iko takriban mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na maji matupu huchemka kwa nyuzijoto 93 hivi. Mama anayepika maharagwe huku analijua jambo hili hata kama hajalisomea: yanachukua muda kuiva.

Sasa injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzijoto 90 hivi hata zikiwa na afya njema. Mbona basi magari yote hayachemki Gilgil? Ni kwa sababu ya kile kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi inayobana maji kwa presha, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Kifuniko kizuri chenye alama ya 1.1 huyawezesha maji kuvuka hata nyuzijoto 110 bila kuchemka, hapa hapa Gilgil.

Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, presha inatoroka. Mombasa ulikuwa na nafasi kidogo ya kuponea. Huku juu, huku injini ikivuta watu wanne mlimani, nafasi hiyo imeisha. Maji yanachemka, yanasukumwa nje, kiwango kinashuka, na sasa injini inapata joto la kweli.

Kuna dalili inayosema mengi. Gari likishapoa kabisa, angalia chupa ya akiba iliyo kando ya rejeta. Kama chupa imejaa lakini rejeta yenyewe imepungukiwa, maji yanatoka na hayarudi. Kifuniko kina vali ndogo ya kuyavuta tena injini inapopoa. Shuku kifuniko, au ule mpira mwembamba unaounganisha rejeta na chupa.

Ila usimalizie hapo, kwa sababu gasketi iliyoungua pia husukuma maji nje. Kwa hivyo jaza rejeta injini ikiwa baridi, acha kifuniko wazi, kisha washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, moshi wa mlipuko unaingia kwenye maji. Angalia pia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata joto ni dalili nyingine. Ukiona hizi, basi fundi wako alikuwa sahihi. Usipoziona, mwambie apime presha ya rejeta na kifuniko kwa pampu ya mkono. Gereji nyingi zinazo.

Kifuniko kipya bei yake haiko mbali na ya kilo ya nyama pale Kikopey. Nunua chenye alama ya presha ile ile ya kile cha zamani. Kikubwa zaidi hakikufanyi mjanja, kitapasua mipira.

Mambo mawili ya kukataa. Fundi akikwambia “tutoe tu themostati, hii ni Afrika,” kataa. Bila themostati injini inakaa baridi asubuhi, inakunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na tatizo lenyewe bado lipo. Pili, usijaze maji ya kisima kila siku. Chumvi yake huganda na kuziba rejeta. Tumia kulanti: inazuia kutu na inachelewesha kuchemka.

Tena kama gari lako ni lile dogo lisilo na mshale wa joto, lina taa ya buluu na nyekundu tu, jua kwamba nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Simama.

Na ukisimama, fanya hivi. Zima AC ukitafuta pa kuegesha, fungulia hita hadi mwisho ivute joto kutoka kwa injini, weka pembetatu nyekundu nyuma ya gari, zima injini, kisha ngoja. Nusu saa au zaidi. Usiguse kifuniko kikiwa moto, hata marafiki wakikuharakisha. Maji yale yamebanwa. Ukifungua, yatalipuka yawe mvuke usoni mwako. Na usimwage maji baridi kwenye injini moto, hedi inaweza kupasuka, uishie kulipia ile kazi uliyoikwepa.

Mbuzi wa Kikopey atangoja. Ngozi ya uso wako haina spea.