Fahamu: Zinki inavyopasua stenlesi

Stenlesi inasifika kwa kuhimili kutu na joto, lakini zinki kidogo iliyoyeyuka inaweza kuipasua kwa sekunde chache tu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi za Selsiasi. Stenlesi hungoja hadi karibu 1,400. Kwa hiyo fundi anapoichomelea kwenye chuma kilichopakwa zinki, utando ule huyeyuka mapema, ukapenya katikati ya punje zinazounda stenlesi na kulegeza zilivyoshikana. Joto likipita nyuzi 750 hivi, huku chuma kikivutana kwa kupanuka na kusinyaa, ufa hukimbia. Mara nyingine huwa mwembamba kama unywele, pembeni mwa mshono, na watu wakapaka rangi juu yake bila kuuona.

Kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, kililipuka tarehe 1 Juni 1974 na kuua watu 28. Wachunguzi walikuta bomba la stenlesi limepasuliwa na zinki. Tume ya uchunguzi iliamua kwamba chanzo cha mkasa kilikuwa bomba jingine, la muda, na kwamba ufa huu ulitokea baadaye, moto wenyewe ulipoyeyusha zinki.

Ili kuepuka ufa wa namna hii, zinki iondolewe yote kabla ya kuchomelea, hata pembeni mwa mshono. Brashi ya waya iliyosugua mabati isiguse stenlesi kamwe. Na ufa ukitokea, kuuziba kwa kuchomelea juu yake ni hatari, maana zinki bado imo ndani. Kipande hicho kikatwe.